Kioo Kinasema Umeunganishwa

9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Shika salamu kwa mikono miwili, mkono mmoja wako, mwingine wa mkeo. Sisi huku tunadunda. Goti la kushoto limetulia tangu mlipoondoka, paa la chumba cha nyuma limezibwa na halivuji tena ila pale pale lilipokuwa likivuja, na sare za shule zimekwisha, kwa hiyo nina siku mbili tatu za kukaa kama binadamu. Jirani yetu Tarumbeta anakusalimu. Sauti yake unaijua: akipiga hodi kwangu, mtaa wa pili wanaitikia karibu. Zamani alinikera. Siku hizi namwona mwanamke mstaarabu sana, anayetamka maneno yake vizuri.

Mkwe wangu anaendeleaje? Tangu mimba ile ya mwaka jana iharibike, namwombea kila nikikaa kwenye cherehani. Mlipokuja mwezi wa kumi na mbili nilifurahi kumwona anacheka tena. Mwambie shangazi anamuulizia.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini na kalamu. Kompyuta uliyoniachia mwisho wa meza ya kukatia nguo imenigomea. Jumapili ya kwanza baada ya nyinyi kuondoka nilibonya pale uliponionyesha, mkatokea wote wawili, tukaongea hadi chai yangu ikapoa. Iliyofuata, vivyo hivyo. Halafu ghafla, hola. Na kinachoniudhi si kugoma kwake, ni uongo wake. Kwenye kona ya kioo ile alama ya mawimbi imejaa, na imeandikwa "Umeunganishwa". Nikifungua ukurasa wowote unazunguka, unazunguka, kisha unaniambia hauwezi kufika. Sasa nimeunganishwa na nini? Ni kama mtu anayekuambia karibu ndani huku ameushikilia mlango usifunguke.

Usiniulize kama nimegusa kitu. Sijagusa kitu.

Niandikie la kufanya, kwa barua, polepole, kama unamwandikia mtu asiyejua lolote, maana ndiye. Usipige simu. Cherehani inanguruma kutwa, na hii simu yangu ya tochi ina sauti ya mbu. Ujumbe nao una herufi zinazotaka miwani juu ya miwani. Lakini usichelewe. Nimezoea upesi kukuona ukiongea, na Jumapili isiyo na uso wako naiona ndefu mno.

Na mnakuja lini tena? Mlisema mwezi wa nane.

Shangazi yako wa cherehani


1 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kona zote, inaelekea mtu aliikalia njiani, lakini maneno yote yamo na nimeyasoma nikisikia kabisa unavyofoka. Sisi ni wazima. Mkwe wako anakurudishia salamu zako na nyingine juu yake. Anapumzika sana siku hizi, kazini kwao mambo si mengi. Mvua imetusumbua kidogo. Tumebadilisha mapazia. Ukiyaona utasema pindo limeshonwa na mlevi.

Shangazi, unajua kazi yangu. Nakaa kwenye chumba kirefu, kila mtu na visikilizio kichwani, na kutwa nzima watu wananipigia kulia kilio hicho hicho chako: imeandika imeunganishwa, na haifungui. Kila mmoja huanza kwa kuniapia kwamba hajagusa kitu. Tumefundishwa tusiwaamini. Tumefundishwa pia tuwajibu "naelewa". Kwa hiyo, Shangazi, naelewa.

Lakini mbona hupokei simu? Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana, nimepiga Jumapili wakati najua cherehani imefunikwa. Inaita weee hadi inakata. Baadaye napata ujumbe: "Mzima. Nina kazi." Natoa kwenye shida hii watu nisiowajua hata sura, wengine wananitukana kwanza, halafu shangazi aliyenilea nimshughulikie kwa stempu! Ungepokea tu, tungemaliza kabla bobini moja haijaisha uzi.

Haya, kwa barua basi. Fikiria cherehani yako. Kuna uzi wa juu na uzi wa chini. Uzi wa chini ukiisha bila wewe kujua, sindano inaendelea kupanda na kushuka, kitambaa kinasogea, ukitazama kwa mbali unasema hapa panashonwa. Ukiinua, hakuna mshono. Ndivyo ilivyo hapo. Kompyuta inaongea na kile kisanduku cheupe chenye taa nilichokutundikia ukutani. Huo ndio uzi wa juu, na ndiyo maana inaandika "Umeunganishwa". Haisemi uongo, inasema nusu. Kisanduku nacho kinatakiwa kiongee na dunia kwa ule waya unaotokea dirishani. Huo ndio uzi wa chini, na nahisi huo ndio umekatika.

Fanya hivi. Chomoa kisanduku kwenye umeme, kakoroge chai, rudi ukichomeke. Kisha tazama taa zake. Zote zikiwa za kijani, niandikie. Moja ikiwa nyekundu, nenda ofisini kwa kampuni iliyokuwekea waya, waambie taa ni nyekundu, na usiondoke mlangoni mpaka wakupe fundi. Kutoondoka mlangoni hakuna wa kukufundisha.

Mwanao,
Chiriku


24 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Hongera kwa mapazia. Pindo la mlevi hufumuliwa, niletee.

Ule mfano wa uzi wa chini umeniingia. Nimemweleza Tarumbeta, naye amewaeleza wanawake wote wa bombani, sasa mtaa mzima wanajua kompyuta ni nini. Nilichomoa, nikakoroga chai, nikachomeka. Taa moja ikawaka nyekundu kama jicho la mgonjwa. Nikaenda ofisini kwao. Kumbe wale watu waliokuwa wanachimba mtaro wa maji machafu hapa nje walipitisha sururu kwenye waya wetu, wakafukia kimya kimya kama paka. Nyumba zote upande wetu hazikuwa na mtandao, ila wengine walidhani ni adhabu ya kuchelewa kulipa wakanyamaza kwa aibu.

Fundi alikuja juzi. Kijana msafi, kazi anaijua, lakini ananong'ona. Alikuwa amesimama nyuma yangu anaongea sijui tangu lini, mpaka akanigusa bega nikaruka, mkasi ukaanguka. Vijana wa siku hizi mnaongea ndani ya kola ya shati. Aliunganisha waya kule nje, akarudi kutazama kisanduku, taa zote kijani. Akatoa simu yake mwenyewe akaiunga kwenye kisanduku changu, akacheka na picha za watu. Kwake inafungua! Akaondoka na maandazi mawili.

Nikawasha kompyuta yangu. "Umeunganishwa." Nikafungua ukurasa. Haukufunguka. Na safari hii umekuja ukurasa mweupe wenye alama ya hatari na maneno mengi, kama vile mimi ndiye mwizi. Nimeifunika na khanga, sitaki kuiona. Uzi wa juu upo, uzi wa chini upo, na mshono haupo. Wewe mwenye visikilizio, niambie, sindano iko wapi?

Sijagusa kitu.

Kuhusu simu, nimeshakuambia ni cherehani. Na Jumapili nalala. Mtu wa umri wangu akilala mchana si habari.

Swali langu la mwezi wa nane umeliruka kama dimbwi. Mnakuja au hamji?

Shangazi


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu nimeudhika, na nimeudhika kwa sababu nakupenda, kwa hiyo usiifunike barua hii na khanga.

Niliposoma kwamba fundi alinong'ona nyuma yako, nilikaa na karatasi mkononi mpaka mkwe wako akaniuliza kuna msiba gani. Kisha nikampigia Tarumbeta. Nilishika simu mbali na sikio, na wenzangu wawili kazini bado walisikia kila kitu. Ananiambia husikii, Shangazi. Anasema huu mwaka wa pili. Anasema wateja wakikuita kutoka mlangoni huitikii mpaka waingie wakusimamie mbele, na yeye ndiye anayekwenda nawe sokoni asije mwendesha pikipiki akakupitia kwa nyuma. Alikuwa anadhani najua. Alinipa pole!

Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe ndiye ulinifundisha methali hiyo, siku niliyoficha kidonda cha mguu hadi kikatoa harufu. Ulinichapa, kisha ukalia, kisha ukanipeleka hospitali mgongoni. Sasa mimi nikuchape vipi kwa barua?

Mimi nalipwa kuongea kwenye masikio ya watu. Mwaka mzima huu nimekuwa napiga simu kwako na kununa kwamba shangazi hanitaki tena. Nilimwambia mkwe wako, "Nadhani amechoka nasi." Nilisema hivyo kabisa. Nisamehe.

Na sasa naelewa kwa nini unaing'ang'ania hii kompyuta. Unanisoma mdomo. Kwenye simu sina mdomo. Kwa hiyo isipofunguka, mimi na wewe hatuna namna ya kuongea isipokuwa kupitia karatasi zinazokaliwa na watu njiani. Itafunguka. Nimewafungulia wagomvi na walevi, sitashindwa na yako.

Simu ya fundi ilifungua kwenye kisanduku chako, kwa hiyo waya ni mzima na kisanduku ni kizima. Ubaya uko ndani ya kompyuta yenyewe. Ondoa khanga. Ufungue ule ukurasa mweupe wa alama ya hatari, unakili kila neno lililoandikwa pale, hata yale usiyoyaelewa, hata yakikutukana. Na uniambie ukweli kuhusu masikio. Daktari amesemaje?

Mwanao


6 Mei

Chiriku,

Marahaba. Kwanza, na Tarumbeta hatukusemezana siku barua yako ilipofika. Nilimnunia siku nzima, na ilipofika jioni nikagundua kwamba nikimnunia yeye sina wa kuongea naye, kwa sababu ndiye pekee ninayemsikia. Nimemsamehe kwa shida zangu mwenyewe.

Pili, ni kweli.

Ilianza kwenye cherehani. Niliona imekuwa kimya, ikiteleza tu, nikajisifu kwamba safari hii nimeitia mafuta vizuri. Nilijisifu wiki nzima, Chiriku. Kisha saa ya ukutani ikanyamaza, nikaipeleka kwa fundi, akanirudishia akisema haina ubaya. Hapo nikajua. Nilikwenda hospitali. Wamesema si nta, ni mishipa imechoka, na kile kifaa cha kuvaa kitaniongezea kelele lakini maneno hakitayarudisha. Basi nikajifunza midomo. Mshonaji amezoea kutazama, nilijifunza haraka. Mteja akisimama mbele yangu penye mwanga nampata neno kwa neno. Hata mlipokuja mwezi wa kumi na mbili hamkugundua. Uliniambia, "Shangazi, mbona unanikodolea macho?" Nikakujibu nilikuwa nimekukosa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi ukaja kunikalia hapa kama kuku juu ya yai, na mkwe wangu ungemburuta. Sitaki. Nina mikono, nina macho, nina Tarumbeta. Nilichokuwa nataka ni kuuona uso wako ukiongea, basi. Usidhani ni kidogo. Nililia kwenye ile khanga.

Tatu, ukurasa. Nimenakili kama ulivyosema. Umeandika: "Muunganisho wako si salama. Saa ya kompyuta yako iko nyuma. Rekebisha tarehe na saa." Chini kuna herufi na namba ambazo hata Tarumbeta hawezi kuzitamka.

Nimeyatazama maneno hayo muda mrefu, na sasa inabidi nikuambie jambo. Niligusa.

Usicheke. Kompyuta ilipogoma mara ya kwanza, mimi nilifanya ninavyofanya kazini. Mshono ukienda upogo huendelei mbele. Unafumua, unarudi hadi pale uliponyooka, unaanza upya kutoka hapo. Pale uliponyooka palikuwa Jumapili ile ya Januari, tulipoonana mara ya mwisho. Nikabonya tarehe pale kona, nikahangaika, kukawa na kitu kinachotaka kujiendesha chenyewe nikakizima, nikairudisha Januari. Haikusaidia. Lakini kila nilipoiwasha na kuikuta imesogea, niliivuta nyuma tena, nikidhani sijafika hasa pale penyewe. Kwa hiyo ndani ya kompyuta hii bado ni Januari, na wewe ndiyo kwanza umetoka kuniaga.

Sasa nieleze, tarehe ina uhusiano gani na mtandao?

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine. Wazima wote. Nimesoma barua yako kazini, kosa kubwa. Nilicheka hadi msimamizi akaja, kisha nikafika pale pa Januari nikalazimika kwenda kuosha uso. Nimemsomea mkwe wako. Amesema wewe ndiye mtu pekee duniani aliyejaribu kufumua kalenda.

Sikiliza, au tuseme tazama. Kila ukurasa unaoufungua una cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako inakisoma kama bawabu mlangoni. Cheti kinasema "nimeanza kazi Machi". Bawabu wako anatazama kalenda yake, anaona Januari. Anasema, huyu tapeli, Machi haijafika, na anafunga mlango. Kwa hiyo hitilafu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sururu ya mtaroni, na hiyo ndiyo iliyotuvuruga sote. Ya pili uliiongeza wewe ukitafuta dawa ya ile ya kwanza, na fundi alipoondoa ya kwanza, yako ikabaki imeshika mlango. Kutwa nashughulika na watu, sijawahi kukutana na hii. Wengine huvuruga kwa kubonya ovyo. Wewe umevuruga kwa ufundi.

Dawa yake ni ndogo. Bonya tena pale kwenye tarehe. Kile ulichokizima, cha kujiendesha chenyewe, kiwashe, kisha usikiguse tena maisha. Kisipokubali, andika mwenyewe tarehe ya siku hiyo. Zima, washa, fungua.

Na onyo moja. Kila Jumapili nitakungoja saa kumi jioni yako. Kompyuta yenyewe itaandika kumi na sita. Usiirekebishe! Iache na ushamba wake, inajua inachofanya.

Nitakaa penye mwanga. Nitaongea polepole. Kuhusu kuja mwezi wa nane, bado tunaangalia, likizo zina mambo mengi, nitakueleza.

Nimefurahi umeniambia, Shangazi. Nimefurahi na nimeumia, ila zaidi nimefurahi.

Chiriku wako


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba hadi huko mliko! Imefunguka. Nadhani jirani zetu wote wanajua, maana wanasema nilipiga kelele, mimi nisingejua. Niliwasha kile kitu, tarehe ikaruka kutoka Januari hadi Juni kama mtu aliyeitwa ghafla, nikazima, nikawasha, na kurasa zote zikafunguka kwa mkupuo, hata zile nisizozitaka. Bado inaandika "Umeunganishwa", na sasa naiamini.

Umenenepa. Usibishe, naona kwenye shingo. Mapazia nimeyaona nyuma yenu na ni kweli ni mlevi. Kwanza ulikuwa unapiga kelele. Tarumbeta niliyemketisha pembeni alikuwa anaziba masikio, jambo ambalo sikuwahi kulitarajia maishani. Huna haja ya kupaza sauti kwangu, Chiriku. Paza mdomo. Na ukinywa chai usininyweshe maneno na kikombe, kinakufunika hadi puani. Mkwe wangu ndiye anaongea vizuri, kila neno analimaliza. Nilipata yote aliyosema. Nilipokaa peke yangu baadaye nilihisi nyumba imejaa.

Sasa kuna jambo, na nimelikalia siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Nilipokuuliza kuhusu mwezi wa nane, ulitazama chini, ukabonya kitu. Tarumbeta akaniambia, "Sauti imekatika, ngoja warudi." Wewe ukageuka kwa mkeo. Nadhani ni mazoea ya kazini kwenu, mnamzimia mteja sauti ili mshauriane asisikie. Umemzimia sauti kiziwi, mwanangu. Kwangu hakikubadilika kitu. Mlikuwa mmekaa pazuri penye mwanga, kama ulivyoahidi.

Ulisema, "Tumwambie?" Akasema, "Bado. Mwezi huu upite kwanza." Na mkono wake ukashuka chini ya meza, pale ambapo mkono wa mwanamke hushuka wenyewe. Kisha ukabonya tena, ukanihadithia habari za mvua.

Sikufanya kusudi. Macho yangu ndiyo masikio yangu, siwezi kuyaziba kwa adabu. Ningeweza kunyamaza, lakini tumeshanyamaziana mwaka huu vya kutosha na tazama kilichotupata.

Naelewa kwa nini mmenificha. Mara ile mliniambia mapema, nami nikashona, nikawatumia kifurushi, na kikafika wakati mtoto hayupo tena. Najua mkwe wangu ndiye aliyekifungua. Hakuna mwenye kosa katika hilo, barua na vifurushi hutembea kwa miguu yao. Lakini najua mnaogopa furaha yangu, na mna haki.

Basi nakuahidi. Sitauliza. Jumapili tutaongea habari za mvua, na mimi nitaongeza za goti. Sitamwambia Tarumbeta, maana kumwambia yeye ni kuitangazia wilaya. Sitakata kitambaa, hata kipande cha upana wa kiganja, mpaka mniambie nyinyi wenyewe. Na mwezi wa nane msije. Asipande gari wala chochote, akae, ainue miguu. Wewe osha vyombo.

Ukimwonyesha barua hii mkeo, mwambie shangazi hajui kitu.

Shangazi


11 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo kutoka kwangu, na kutoka kwa mkwe wako, ambaye amenilazimisha niandike hii mezani akinisimamia.

Ningeweza kukuambia Jumapili kwenye kioo. Tumeonana Jumapili zote hizi, na zote hukuuliza. Umetuhadithia goti lako mpaka nalijua kuliko langu. Kuna siku mkwe wako alisimama kuchukua maji akasahau kwamba unaona, nikakuona wewe upande wa pili unageuza uso haraka ukijifanya unatafuta mkasi, na mkasi ulikuwa mkononi mwako. Alipokaa alilia. Nikakudanganya kwamba ni mafua, ukasema asinywe maji baridi.

Barua yako ya Juni nilimsomea siku ile ile ilipofika. Akasema, "Kwa hiyo anangoja na sisi." Tangu siku hiyo analala vizuri zaidi. Alikuwa anaogopa peke yake, mimi nilikuwa naogopa peke yangu, tukiwa chumba kimoja. Hatukujua kwamba mtu wa tatu anaweza kuogopa pamoja nasi bila kusema neno.

Mwezi ule ulipita. Uliofuata ukapita. Leo tumetoka kwa daktari. Ametuonyesha mtoto kwenye kioo chake, Shangazi, amejikunja kama mtu aliyechoka na kazi, na moyo unapiga. Mimi niliusikia. Mkwe wako aliniambia nikuandikie kwamba ulionekana pia, unaruka ruka, ungeupata bila sauti. Daktari amesema sasa tunaweza kuwaambia watu.

Tumeanza na wewe.

Kata kitambaa.

Chiriku na mkeo